Nilichora ukuta ambao wagonjwa hawauoni

Mi ni mchoraji, naishi Bagamoyo upande wa Magomeni. Nimeanzia mtaani kwa kuandika mabango ya saluni na majina ya ngalawa kule ufukweni, baadaye nikapata kozi fupi pale TaSUBa, ile ambayo wazee bado wanaiita Chuo cha Sanaa. Miaka kama saba sasa nachora kwenye zahanati na vituo vya afya, shule mbili, na ofisi moja ya kijiji. Naandika hii kwa sababu kijana ninayemfundisha kapata kazi yake ya kwanza ya kuchora wodi, aliponionyesha dizaini nikaona makosa yangu yale yale yamejipanga mstari, nikasema haya bora niyaweke yote hadharani, maana mimi yamenigharimu hela na yamenigharimu machozi na hakuna aliyeniambia mapema.

Kazi ya kwanza ilikuwa kituo kimoja cha afya, jina naliacha. Wafadhili walikuwa wamekarabati wodi ya wazazi, shuka mpya, feni mpya, ikabaki hela kidogo wakasema basi pachorwe ukutani pachangamke. Tukakubaliana laki tisa, vifaa juu yangu, siku kumi. Nilisema ndiyo kwenye simu. Sikwenda kuuona ukuta, sikuuliza jengo lina umri gani, sikuuliza nani anafanya usafi na anatumia dawa gani, nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili na laki tisa masikioni mwangu ilikuwa hela nyingi sana. Rangi, andakoti, tina, brashi, kukodi jukwaa, nauli ya Kariakoo mara mbili na kijana wa kunisaidia vikala laki sita na ishirini. Fanya hesabu mwenyewe kilichobaki.

Dizaini nililetewa kwenye simu, picha imetoka intaneti. Msitu, twiga, nyani, na katikati bundi mkubwa kavaa miwani kakaa kwenye tawi. Kwa wenzetu Ulaya bundi ni ndege wa hekima, wanamweka mpaka kwenye vitabu vya watoto, sawa. Ila kwetu hapa kila mtu anajua bundi akilia juu ya paa usiku watu wanasemaje na wanafanya nini. Mi nilijua. Nilijua kabisa na nikanyamaza, nikajiambia mwenye hela ndo kasema, nikamchora bundi mkubwa kuliko wanyama wote, ndani ya wodi ya wajawazito.

Siku ya makabidhiano watu walisimama mlangoni wakapiga picha nyingi, makofi, soda. Kesho yake nilirudi kuchukua jukwaa nikakuta kanga imetundikwa ukutani, pembe moja kwenye msumari, nyingine imefungwa kwenye komeo la dirisha, imemfunika bundi wangu wote mpaka kucha. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kujifungua ndo kaitundika. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba vizuri tu, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na wewe si wa hapa hapa? Umetuwekeaje ndege huyu juu ya vichwa vya waja wazito?" Hakufoka. Angefoka ningejitetea. Nilikosa la kusema, nikaenda kukaa nje chini ya mwembe nikalia, kwa sababu swali lake lilikuwa la kweli, mi ni wa hapa hapa.

Kumfuta bundi na kuweka majani na njiwa wawili nilitoa mfukoni mwangu. Tangu siku hiyo sikubali dizaini ya mtu yeyote kabla sijaizungusha kwa watu watakaoitazama, naichora kwenye karatasi kubwa naibandika mahali wanapokaa akina mama wa kliniki naiacha siku mbili na mimi nakaa pembeni nasikiliza. Hauulizi "mnaionaje", ukiuliza hivyo watakujibu nzuri tu, watu wetu wana adabu. Unasikiliza wanachoambiana wenyewe.

Masika ilipokuja ndo nikajua na ukuta nao una mambo yake. Nusu ya lile jengo ni la zamani, mawe ya matumbawe na chokaa kama nyumba za Mji Mkongwe wetu wa hapa Bagamoyo, halafu juu yake watu wa baadaye wakapiga plasta ya simenti. Kuta za namna hii zinanyonya maji kutoka chini na zinayatoa kupitia usoni, zinapumua. Mi nilizifunga na rangi ya mafuta kwa sababu nilitaka ing'ae kama picha za Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza kule Dar mwaka 1968 alitumia rangi za kung'aa za baiskeli, lakini alizipaka kwenye vipande vya hadibodi, hakupaka kwenye ukuta wa matumbawe mita mia tatu kutoka baharini. Maji yakakosa njia, yakasukuma rangi kutoka nyuma, na maji ya huku kwetu yana chumvi. Nilikuta twiga ana malengelenge shingo nzima, ukiminya kwa kidole yanapasuka na unga mweupe unamwagika.

Kwa hiyo kabla ya kukubali bei nenda na nailoni safi, kata kipande kama cha nusu mita, kibandike ukutani na soltepu pande zote nne, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani au ukuta umekuwa mweusi pale ulipofunika, una unyevu, usipake rangi ya mafuta hata wakikubembeleza. Kwanza waangalie gata na mifereji, maji ya paa yanamwagikia wapi. Ukuta wa zamani unataka chokaa au rangi ya maji inayopitisha hewa. Na kama lazima picha ing'ae basi ichore kwenye mbao za plaiwudi ngumu uzifunge ukutani kwa vipande vya mbao nyuma yake ili hewa ipite katikati, siku moja zikitaka kuhamishwa zinahamishwa.

La tatu ni klorini. Wodi zinasafishwa kwa maji ya klorini, asilimia 0.5 ndo wanayotumia pakimwagika damu, na wahudumu wa usafi wanafuta mpaka mkono wao unapofika. Miezi mitano tu nyasi zangu zote za chini zilikuwa zimepauka rangi ya majivu na juu yake bado kijani, kama kuna mtu kapiga rula. Siwalaumu hata kidogo, wale dada wanafanya kazi inayookoa maisha, mimi ndo niliweka picha mahali pa kufutwa. Siku hizi ndani ya wodi mita moja na nusu ya chini naiacha rangi moja tu, ya kuoshwa, rahisi kurudishia, na picha inaanzia juu ya hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo hasa limenifanya niandike.

Mwaka wa pili baada ya kazi ile nilishika mimba ya mtoto wangu wa pili, na uchungu ulinianza usiku wakanipeleka kituo kile kile, wodi ile ile. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Uchungu wangu ulikuwa wa kwenda na kurudi, usiku mzima, umeme ukakatika ukarudi, nesi anakuja ananipima anasema bado mama, bado. Nikawa natafuta kitu cha kushikilia kwa macho, nikakumbuka picha yangu, nikageuza shingo. Sikuiona. Iko nyuma. Ukuta niliouchora ndo ule ambao vitanda vyote vimeegemezwa vichwa, mgonjwa akilala anaupa kisogo, ili autazame inabidi akae aupinde mgongo, na mimi wakati huo hata kujigeuza ubavu siwezi. Mbele yangu kulikuwa na ukuta mweupe wenye soketi ya umeme na kalenda ya mwaka uliopita. Juu yangu silingi bodi yenye doa la maji ya mvua, kahawia, ukingo wake mweusi kidogo, upande mmoja limechongoka. Nililiangalia lile doa kuanzia saa tano usiku mpaka adhana ya alfajiri, nililihesabu mikunjo, nililichukia, na mpaka leo naweza kulichora kwa kumbukumbu wakati yule twiga siwezi.

Nikaelewa nilimchorea nani. Nilimchorea mtu aliyesimama mlangoni na kamera.

Mwanangu alizaliwa salama alhamdulillah. Shemeji yangu anasoma usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, alipokuja kumwona mtoto nikamsimulia lile doa, akaniambia dada hilo jambo limeshafanyiwa utafiti, na wiki iliyofuata akaniletea kurasa kazitoa fotokopi. Kuna mtafiti anaitwa Roger Ulrich, mwaka 1984 alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, wote walipasuliwa mfuko wa nyongo kati ya 1972 na 1981. Nusu yao dirisha lao liliangalia miti, nusu liliangalia ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa kurudi nyumbani karibu siku moja mapema na waliomba dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Miti tu ya dirishani! Nilisoma pale nimempakata mtoto nikasema kumbe sikuwa nimedeka.

Na mwingine ni Alvar Aalto, msanifu wa Finland, sanatoria yake, yaani hospitali aliyoisanifu ya wagonjwa wa kifua kikuu, kule Paimio ilifunguliwa 1933. Yeye alianza kufikiria kutokea kitandani, akasema huyu mtu atalala chali wiki na miezi, basi silingi akaipaka kijani iliyotulia, taa akaziweka mahali ambapo hazimchomi macho aliyelala, mpaka sinki za kunawia zikatengenezwa maji yasipige kelele yakianguka ili wa kitanda cha pili asiamke. Nikiwaza taa ya tyubu iliyokuwa ikinipigapiga usoni usiku ule nilitamani mzee huyu angepita Bagamoyo. Na si Ulaya tu, jirani zetu Rwanda hospitali ya Butaro iliyofunguliwa 2011 vitanda vya wodi wamevipanga katikati, vichwa vimeegemea kaukuta kafupi, kila mgonjwa anaangalia dirisha na vilima vya nje. Hapo hakuna hata picha iliyochorwa, ni namna ya kupanga kitanda. Nilikaa na hilo muda mrefu, kwamba kumbe kabla ya kumpa mganga mfawidhi bei ya mchoro inabidi kwanza nimuulize, dokta, hivi vitanda tukivigeuza inawezekana? Sehemu moja tuligeuza vitanda vinne vikaangalia dirisha lenye mkorosho, nikachora kidogo sana, nikalipwa kidogo, na ni kazi ninayoipenda kuliko zote.

Utaratibu wangu siku hizi ni kwamba siku ya kwanza siendi na brashi. Naomba ruhusa kwa mfawidhi na matroni, nasubiri kitanda kikiwa wazi, nalala. Nalala chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kila mkao nakaa dakika kumi naandika naona nini. Halafu nakaa kwenye benchi la wanaosubiri, asubuhi na mchana jua likiwa limehama, nikaona mng'ao unapiga wapi. Halafu nakaa chini kabisa kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Manesi wengine walinishangaa mwanzoni, mmoja akaniuliza dada unaumwa? nikamweleza, yeye mwenyewe akaja kulala kitanda cha pili akakaa kimya kidogo akasema "sista hii taa kweli inaumiza, na miaka yote tunawaambia watulie."

Waulizeni wauguzi kila kitu, narudia. Kwenye chumba cha watoto wachanga nilitaka kupaka njano ya kung'aa, nesi mzee akanikatalia palepale. Akanipeleka dirishani na mtoto mkononi akanionyesha wanavyomkagua ngozi kama ana manjano, kwa kuangalia rangi ya ngozi na macho kwenye mwanga wa mchana, ukuta ukiwa wa njano au kijani kali unamrudishia mtoto rangi yake na unaweza kumdanganya anayekagua. Bluu kali nayo inasumbua kusoma midomo ya mtoto anayekosa hewa. Pale nikapaka nyeupe ya maziwa, picha nikaweka kwenye korido wanapokaa mama zao. Nilipata baridi kuwaza kwamba rangi niliyoipenda ingeweza kumchelewesha mtoto kupata matibabu.

Wodi ya watoto nayo ina yake. Nilichora vinyago, nimevikulia, kwangu ni fahari, macho makubwa na meno, kumbe usiku chini ya taa moja vinakuwa kitu kingine kabisa na mtoto mwenye homa haoni utamaduni pale, anaona sura inamwangalia. Nilivifunika baada ya wiki mbili. Baadaye nikasoma kwamba Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwauliza watoto 250 wa miaka 4 mpaka 16 kuhusu mapambo ya hospitali, na wale wachekeshaji wa sarakasi wenye pua nyekundu ambao watu wazima wanawapaka kila ukuta, watoto hawakuwapenda, hata baadhi ya wale watoto wakubwa waliwaogopa. Kwa hiyo wewe mzazi au daktari usimsemee mtoto. Wangu mimi wanapenda bahari, wanapenda mashua, punda, kuku na vifaranga, vitu wanavyoweza kuvitaja jina na kuvihesabu wakati wanasubiri sindano.

Kitu kilichofanya kazi kuliko nilivyotegemea ni alama za njia. Kituo kimoja kilikuwa na vibao vimeandikwa vizuri kabisa lakini bibi zetu wengi hawasomi na wengine miwani hawana, mlinzi kazi yake kutwa ilikuwa kumshika mtu mkono. Tukakubaliana kila sehemu iwe na alama yake: mapokezi jahazi, maabara kaa, dirisha la dawa mnazi, kliniki ya mama na mtoto samaki. Stensili nilikata kwenye eksirei za zamani zilizotupwa, zile plastiki ni ngumu na hazilowi, ukiifuta unatumia tena mara mia. Samaki wanaogelea ukutani kimo cha kiuno kuelekea kliniki. Ukuta wa kulia niliigeuza stensili vibaya, samaki wakawa wanaelekea getini, akina mama wawili wakatoka nje kabisa kabla hatujagundua, kwa hiyo chora mshale kwa chaki ukutani kwanza kabla hujaanza kupiga rangi. Siku hizi mlinzi anasema tu "fuata samaki, mama", na nimewasikia watu kwenye daladala wanaelekezana hivyo hivyo.

Kwenye majengo mengine ya umma mambo ni yale yale. Ofisi ya kijiji niliyochora walitaka nakshi za milango yetu ya pwani, mawaridi, samaki, mtende, na nikaongeza ule mnyororo wa pembeni kwa sababu unajaza vizuri. Mzee mmoja wa baraza akaniomba niutoe. Wapo wanaosema mnyororo kwenye mlango ni ulinzi tu wa nyumba, wapo wanaosema ni alama ya biashara ya watumwa, na mji huu unajua watumwa walipitishwa wapi. Nikautoa siku hiyo hiyo.

Hela sasa. Usikubali bei ya jumla ambayo vifaa viko ndani yake, andika vifaa mbali, ufundi mbali, na weka fungu la marekebisho ya baada ya masika moja. Ukiweka sahihi bila hilo fungu utarudi kwa hela yako, mimi nilirudi mara mbili. Dai rangi isiyo na madini ya risasi, soma kopo, hasa kwa watoto wanaolamba vidole. Na rangi ya mafuta na tina usipake wagonjwa wakiwa ndani hata kama mtu ana haraka ya ufunguzi. Niliwahi kukubali, mama mwenye pumu akaanza kukohoa kitanda cha mwisho mpaka wakamtoa na mashine, na harufu ile nikiisikia tena namkumbuka yeye. Subiri wahamishwe, madirisha wazi, zipite siku kadhaa.

Nikimaliza naacha makopo madogo ya kila rangi, nimeandika juu kwa kalamu ya maki hii ni ya samaki, hii ni ya maji, hii ni ya ule ukanda wa chini, pamoja na brashi mbili na stensili. Nampa mhudumu wa usafi mwenyewe mkononi, namfundisha nusu saa. Pale kwenye samaki yule dada amesharudishia mapezi mara tatu, ameongeza na mmoja wa kwake, mdogo, karibu na mlango wa chanjo, ana jicho kubwa kuliko wengine.